Chombo cha vita kinapopakiwa dawa: virusi, jeni na saratani ya ini

Baba mdogo alinitumia sauti ya dakika nne kwenye WhatsApp saa kumi na moja alfajiri, muda ambao watu wa Kibirizi, hapa Kigoma, wanashusha dagaa wa usiku. Mtu asiyejitaja jina alikuwa anasema, kwa uhakika kama mtangazaji wa mpira, kwamba wazungu wamepata kirusi kinachomaliza saratani ya ini, sindano moja tu, na mwishoni akatoa namba ya kupiga. Chini yake baba mdogo aliandika mwenyewe: "Mwanangu, hii homa ya ini B yangu si waliniambia ni kirusi? Sasa kirusi kitatibuje kilichoharibiwa na kirusi?"

Ile namba nilimwambia asiipige. Swali lake nimekaa nalo wiki nzima.

Yeye aligundua kwamba ana homa ya ini B miaka mitatu iliyopita, kwa njia ambayo wengi wetu hugundua. Alikwenda kumchangia damu ndugu aliyekuwa anasubiri upasuaji, akarudishwa na karatasi. Haumwi. Anakula, anapandisha kilima cha Mwanga kwa miguu, anagombana na mafundi wa injini za boti. Ugonjwa wake anaujua kwa kuusoma tu, na pengine ndiyo maana husikiliza kila sauti inayopita.

Sauti ile ilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo ilipopata nguvu ya kudanganya. Ni kweli virusi vimetumika kupeleka jeni kwenye ini la binadamu, na wapo watu ambao maisha yao yamebadilika kabisa. Ni kweli pia kwamba virusi vimejaribiwa dhidi ya saratani ya ini kwa zaidi ya miaka ishirini. Ila wale wa kwanza hawakuwa na saratani. Walikuwa na hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi. Ini ni lilelile, njia ya kubebea ni ileile, lakini hemofilia imekubali na saratani imekataa. Nikaona nikiweza kumweleza baba mdogo kwa nini, nitakuwa nimemweleza karibu yote.

Tuanze na Liemba, maana hapa Kigoma hakuna asiyeijua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya makasha, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupanda reli mpaka huku, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ilikuwa na mzinga. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui. Ikaibuliwa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikawa Liemba, inabeba abiria na magunia yao. Bodi ile iliyobeba askari ikaanza kubeba akina mama na mafuta ya mawese. Mzinga ndio ulioondoka.

Kirusi cha tiba hutengenezwa kwa wazo hilohilo. Kirusi kwa umbile lake ni kasha la protini, na ndani ya kasha mna maandishi ya jeni. Hakina jiko lake. Hakiwezi kula wala kuzaa peke yake. Kazi yake ni kugonga mlango wa seli, kuingia, kuweka maandishi yake mezani na kuifanya seli iyasome na kuyatekeleza. Mamilioni ya miaka kimekuwa kikijifunza kuingia humo, na hakuna dawa ya kidonge inayokifikia kwa ustadi huo. Wataalamu wanachofanya ni kutoa yale maandishi yanayosababisha ugonjwa na kuzaliana, kisha kuweka maandishi wanayoyataka wao. Chombo kilichobaki huitwa vekta, yaani kirusi mbebaji.

Wabebaji wenyewe wako wa namna nyingi, na shehena zao zinatofautiana kama mtumbwi na meli. Kuna kidogo kiitwacho AAV, ambacho hakijulikani kusababisha ugonjwa wowote wa maana kwa binadamu. Hicho ni mtumbwi, kinabeba herufi 4,700 hivi za jeni na hakizidishi. Adenovirusi, jamii ya vile vinavyoleta mafua na macho mekundu, ni boti kubwa zaidi. Vaksinia, kile kilichotumika kutengeneza chanjo ya ndui, ndiyo meli yenyewe.

Na usidhani haya ni mambo ya mbali. Kama ulichanjwa Johnson & Johnson mwaka 2021, ile iliyozinduliwa na Rais Samia tarehe 28 Julai mwaka ule, basi umeshapokea kirusi mbebaji begani, adenovirusi iliyokuwa na maandishi ya protini moja ya korona. Ng'ambo ya ziwa letu, Kongo, watu wengi walichanjwa dhidi ya ebola kwa kirusi kingine cha mifugo kilichobebeshwa jeni moja ya ebola. Na AstraZeneca wao walitumia adenovirusi ya sokwe. (Sisemi ilitoka Gombe! Niliwahi kusema sentensi hiyo kwenye kijiwe cha kahawa Ujiji, na kabla ya kikombe cha pili tayari kulikuwa na mtu anayeeleza jinsi sokwe wetu walivyoibwa damu.)

Ila chanjo ina kazi nyepesi. Inahitaji seli chache za bega, zisome ujumbe kwa siku chache, kinga ya mwili ione na kukariri, basi. Ukitaka kutibu ini, ni safari nyingine kabisa.

Sasa shehena. Unambebesha nini kirusi unayemtuma kwenye saratani?

Wazo la kwanza lilikuwa la kurudisha kilichoharibika, na hapa inabidi nitoke kidogo kwenye virusi niongee kuhusu mahindi. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Wale walikufa haraka kwa sababu walikula nyingi. Anayekula kidogo kidogo miaka na miaka hafi siku hiyo. Sumu inafanya kazi ya polepole ndani ya seli za ini. Kuna jeni inaitwa p53, ambayo kazi yake ni ulinzi. Seli ikiharibika, p53 huizuia isigawanyike, na ikishindikana huiamuru ife. Sumukuvu ina tabia ya ajabu ya kubadilisha herufi moja mahali maalumu kabisa ndani ya jeni hiyo, kwenye neno la 249, G inakuwa T. Wachunguzi wakiikuta alama hiyo kwenye uvimbe wa ini huitazama kama alama ya kidole ya mwizi wanayemfahamu. Herufi moja imekosewa, na mlinzi anakaa getini bila kumtambua mtu.

Na sumukuvu ikikutana na homa ya ini B kwenye ini moja, hatari haijumlishwi, inazidishwa. Mtu wa Tabora anayepika karanga kila siku, au wa Kasulu mwenye ghala la mahindi lenye unyevu, ana sababu ya kuijua habari hii hata kama hatasikia tena neno vekta maishani mwake.

Kwa hiyo wakasema: tupeleke p53 nzima kwa adenovirusi. China iliidhinisha dawa ya namna hiyo, Gendicine, mwaka 2003, kwa ajili ya saratani za kichwa na shingo. Ndiyo tiba ya jeni ya kwanza duniani kuruhusiwa kuuzwa. Madaktari wa huko waliijaribu kwenye ini pia. Tatizo ni kwamba p53 hufanya kazi kwa kushikana, protini nne kwa pamoja, na ile mbovu iliyomo ndani ya seli hushikana na nzima uliyoleta na kuiharibia kazi. Umemleta askari mpya, ukampanga lindo moja na wale waliolala.

Wazo la pili lina ujanja zaidi, na kwa kweli ndilo ninalolipenda. Unampa kirusi jeni ya kimeng'enya fulani kutoka kwa kirusi cha malengelenge. Jeni yenyewe haina madhara. Kisha mgonjwa anapewa dawa iitwayo gansiklova, nayo peke yake ni ya kawaida. Seli yenye kile kimeng'enya inaigeuza dawa kuwa sumu na kufa kwa mikono yake. Seli isiyo nacho inaipita tu. Uzuri mwingine ni kwamba sumu ile huvuja kwenda kwa seli za jirani zilizogusana na ile inayokufa, nazo zikafa bila kuwahi kukutana na kirusi. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini. Ilivumilika. Lakini haikuumaliza uvimbe.

Wazo la tatu ni kumwachia kirusi azaliane, ila ndani ya saratani peke yake. Anaingia seli ya saratani, anazaana mpaka seli inapasuka, watoto wake wanahamia ya pili. Mwaka 2005 China iliidhinisha adenovirusi ya aina hiyo, H101. Na hapa ndipo ile meli, vaksinia, inapoingia kwenye habari yetu.

Mtazame mzee yeyote wa miaka sitini na zaidi kwenye mkono wa juu, karibu na bega. Wengi wana kovu la mviringo lenye mikunjo, pana kuliko lile dogo la BCG tulilo nalo sisi. Baba mdogo analo. Ni la chanjo ya ndui, na aliyeliacha hapo ni vaksinia, kirusi hai kabisa. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetoweka, na kirusi kile kikastaafu. Miaka baadaye wanasayansi wakakichukua, wakakitoa jeni moja ili kisiweze kuzaliana vizuri kwenye seli tulivu, wakakiongezea jeni inayoita askari wa kinga waje pale kilipo, na wakakipa jina la Pexa-Vec. Ni miongoni mwa vilivyofika mbali zaidi kwenye saratani ya ini.

Mwaka 2013 zilitoka taarifa za wagonjwa 30 waliodungwa Pexa-Vec ndani ya uvimbe wa ini. Kumi na sita walipewa dozi kubwa, kumi na wanne ndogo. Wa dozi kubwa waliishi kwa wastani miezi 14.1, wa dozi ndogo miezi 6.7. Ukiisoma namba hiyo na wewe una ndugu mwenye saratani ya ini, unashika kichwa kwa furaha. Nina hakika zile sauti za WhatsApp zina mizizi yake hapo. Lakini angalia walichokilinganisha: dozi na dozi, watu 30, bila kundi la waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Mwaka huohuo jaribio jingine, kwa wagonjwa ambao dawa ya kawaida ilikuwa imewashinda, halikuonyesha faida. Kisha likafanyika lile kubwa, zaidi ya wagonjwa 400, wengine wakipewa Pexa-Vec kisha sorafenibu, ambayo ni vidonge vya saratani ya ini vilivyokuwepo tangu 2007, na wengine sorafenibu peke yake. Agosti 2019 wakalisimamisha kwa kuona halielekei popote. Hesabu ya mwisho ilikuwa miezi 12.7 kwa waliopata kirusi na 14.0 kwa wasiokipata.

Kirusi kile hakikuwa kibovu. Ukiweka seli za saratani ya ini kwenye sahani ya maabara ukakimwagia, kinazila. Kwa hiyo kinachotakiwa kuelezwa ni kilichotokea kati ya sindano na seli ya mwisho.

Ini lina milango miwili ya damu, na hiyo ni ajabu yake. Robo tatu hivi ya damu huingia kwa mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo ukiwa umebeba chakula, na robo huingia kwa ateri kutoka kwenye moyo. Seli za kawaida hunywa kote. Uvimbe wa saratani hunywa karibu wote kwenye ateri. Madaktari wameitumia tofauti hiyo miaka mingi. Wanaingiza mrija mwembamba kama waya wa baiskeli kwenye kinena cha mgonjwa, wanaupandisha kwa kutazama kwenye eksirei, kupitia tumboni, hadi kwenye tawi la ateri linalolisha uvimbe, na hapo ndipo wanapomwaga dawa. Virusi navyo vimepitishwa huko, au vimedungwa kwa sindano ndefu moja kwa moja kwenye uvimbe.

Lakini kuta za vijia vya damu vya ini zina askari wao wa kudumu, seli za Kupffer, ambao kazi yao ni kufagia kila takataka inayotoka utumboni. Adenovirusi kwao ni takataka. Hufagia sehemu kubwa kabla haijagusa seli iliyokusudiwa. Inayobaki inakutana na kingamwili, maana wengi wetu tuliugua mafua ya jamii hiyo utotoni na damu bado inakumbuka. Inayobaki tena inakutana na ini lenyewe, ambalo kwa mgonjwa wa saratani mara nyingi ni ini lililokakamaa, limejaa makovu ya miaka ya homa ya ini au pombe, vijia vimejikunja, uvimbe una sehemu ngumu zisizopitika. Unaweza kujaza kirusi kona moja, na kona ya pili isijue kwamba kumetokea kitu.

Sasa rudi kwa wale wa hemofilia.

Mwaka 2011 zilitangazwa habari za wanaume 6 wenye hemofilia kali waliopewa AAV mara moja kwenye mshipa wa mkono. Kirusi kilikwenda chenyewe kwenye ini, maana damu yote hupita huko na AAV ya aina ile hupenda huko. Seli zikaanza kutengeneza protini ya kugandisha damu. Kiwango chao kilipanda kutoka chini ya asilimia moja ya kawaida hadi kati ya 2 na 11. Kwa mtu wa kawaida hiyo si kitu. Kwa mwenye hemofilia ni tofauti kati ya kuvuja damu magotini bila sababu na kucheza na watoto wake uwanjani. Wanne kati yao waliacha zile sindano za kila wiki walizokuwa wakizitegemea. Kazi hiyo iliendelea mpaka Novemba 2022, Marekani ilipoidhinisha Hemgenix, tiba ya namna hiyo, kwa hemofilia B, aina mojawapo ya hemofilia.

Nilipofika hapa ndipo baba mdogo aliponielewa, na nilimweleza kwa lugha ya kazi yake. Nikamwambia: mwenye hemofilia anataka kitoweo. Ukienda ziwani usiku mmoja na taa zako, ukarudi na ndoo mbili za dagaa, nyumba imekula, hakuna anayekuuliza wangapi wamebaki majini. Mwenye saratani anataka ziwa liishe dagaa. Sio wapungue, waishe. Ukiacha kundi moja dogo nyuma ya jiwe huko Kalemie, baada ya miezi utakuta ziwa limejaa tena, na safari hii wamejaa wale ambao hawaifuati taa.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Haiwezekani. Ziwa hili?"

Na kuna jingine. AAV ikishaingia kwenye seli, maandishi yake mara nyingi hukaa pembeni kama kipande cha karatasi kilichopachikwa kwenye daftari, hayashonwi na kurasa. Seli ya ini iliyotulia hukaa miaka bila kugawanyika, kwa hiyo karatasi inabaki. Seli ya saratani inagawanyika kila kukicha, na kila inapogawanyika hunakili daftari lake tu. Kipande kile kinabaki kwa mmoja, wengine wote wanazaliwa bila nacho. Chombo kilekile kinachomfaa mwenye hemofilia kwa sababu ini lake limetulia ndicho kinachomtupa mwenye saratani kwa sababu lake halijatulia.

Ndiyo maana virusi vya kutibu saratani vilivyofaulu kuidhinishwa Marekani viko mahali unapoweza kufika kwa mkono. Mwaka 2015 kiliidhinishwa kirusi cha malengelenge kwa saratani ya ngozi. Daktari anauona uvimbe, anaudunga, wiki kadhaa baadaye anaudunga tena. Desemba 2022 ikaidhinishwa adenovirusi ya saratani ya kibofu cha mkojo. Kibofu ni mfuko, unaujaza dawa kama unavyojaza dumu, unasubiri, unatoa. Ini huwezi kulijaza, wala huwezi kulidunga kila tundu.

Hatari nazo zipo, na tiba hii ilizilipia mapema, tena kwenye ini hilihili. Septemba 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alijitolea kwenye jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa kimeng'enya cha ini, ambao yeye aliumudu kwa chakula maalumu na vidonge. Alijiunga kwa ajili ya watoto wachanga wanaokufa nao. Wakamwagia kwenye ateri ya ini adenovirusi chembe trilioni 38. Kinga yake ikalipuka, viungo vikashindwa kimoja baada ya kingine, na siku ya nne akafariki. Uchunguzi ulikuta makosa katika namna jaribio lilivyoendeshwa na katika yale ambayo washiriki hawakuelezwa. Uwanja mzima wa tiba ya jeni ulirudi nyuma kwa miaka.

Hatari ya pili inaturudisha kwenye swali la baba mdogo, na ndiyo sehemu niliyoisoma mara mbili. Maandishi yale yakijishona kwenye daftari la seli mahali pabaya, yanaweza kuwasha jeni ambayo haikupaswa kuwashwa. Ilitokea Ufaransa kwa watoto waliozaliwa bila kinga. Walitibiwa kwa kirusi kinachojishona, wengi wakapona, kisha kuanzia 2002 baadhi wakapata saratani ya damu. Na hivyo ndivyo kirusi cha homa ya ini B kinavyofanya bila kutumwa na mtu. Maandishi yake ni mafupi, herufi 3,200 hivi, na kwa mtu anayeishi nacho miaka mingi vipande vyake hujishona huku na kule kwenye seli za ini. Siku moja kipande kikiangukia karibu na jeni inayoiruhusu seli kugawanyika bila kikomo, mbegu ya saratani imepandwa. Yaani baba mdogo tayari ana mbebaji ndani ya ini lake, ila huyu ana mzinga wake kamili na hana nahodha.

Desemba 2020 hofu hiyo ilisimamisha majaribio ya ile tiba ya hemofilia B. Mshiriki mmoja alikutwa na saratani ya ini. Watu wakajiuliza, je, AAV ndiyo iliyoileta? Namna walivyoipeleleza ni nzuri kuisimulia. Saratani huanza na seli moja. Kama AAV ndiyo iliyoianzisha kwa kujishona mahali fulani, basi kila seli ya uvimbe ingepaswa kuibeba AAV mahali palepale, kama ukoo wote unavyorithi jina la babu. Walipochunguza walikuta alama za AAV kwenye seli chache mno, zimetawanyika ovyo, hakuna mahali pamoja. Na mgonjwa mwenyewe alikuwa amewahi kuugua homa ya ini B na C. Mwezi Aprili 2021 majaribio yakaruhusiwa kuendelea. Mshukiwa mkubwa akabaki kirusi cha zamani, kile ambacho hakuna maabara iliyokitengeneza.

Siku hizi baadhi ya watafiti wameacha kumpeleka kirusi kwenye uvimbe. Wanatoa askari wa kinga kwenye damu ya mgonjwa, wanatumia kirusi mbebaji hukohuko maabara kuwaandikia askari hao jeni ya kutambua saratani, kisha wanawarudisha mwilini. Mara nyingi mbebaji huyo ametengenezwa kutokana na kirusi cha Ukimwi kilichonyang'anywa kila kitu cha kudhuru. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kwa saratani fulani za damu njia hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Kwa ini wanawafundisha askari kuitafuta protini iitwayo glipikani-3, ambayo seli nyingi za saratani ya ini huivaa na seli nzima za mtu mzima kwa kawaida hazina. Bado ni majaribio, lakini angalau askari anatembea na kuzaana mwenyewe, hasubiri kubebwa na damu mpaka mlangoni. Kama ningeulizwa niweke dau langu wapi, ningeweka huku.

Nilikwenda Kibirizi Jumamosi kumweleza yote haya ana kwa ana. Alikuwa ameanika dagaa. Aliniuliza bei ya ile ya hemofilia, nikamwambia ilitangazwa kwa dola milioni 3.5, zaidi ya shilingi bilioni nane, na hata hivyo si ya ugonjwa wake. Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akauliza yake ni ipi.

Nikamwambia yake ni ya vidonge na ya picha. Kuna vipimo vya damu vinavyoonyesha kama kirusi kinazaliana kwa kasi na kama ini limeanza kuumia. Ikionekana hivyo kuna tenofovu, kidonge kimoja kwa siku, ambacho hakimfukuzi kirusi lakini kinamnyima nafasi ya kuzaana. Na kuna ultrasaundi kila miezi sita, kwa sababu uvimbe wa ini ukikutwa mdogo unaweza kukatwa au kuchomwa, na ukingoja mpaka tumbo lijae maji hakuna mrija wala kirusi kitakachokuwahi. Hiyo ya miezi sita ndiyo aliyokuwa ameiruka. Mara mbili.

"Na huyu?" Alimwonyesha mjukuu wake kwa kidevu, miezi saba, amefungwa mgongoni kwa mama yake.

Nikamweleza kwamba mtoto mchanga akiambukizwa homa ya ini B, karibu tisa kati ya kumi hubaki nayo maisha yote, wakati mtu mzima akiambukizwa ni chini ya watano kati ya mia. Ndiyo maana chanjo yake imo kwenye zile za kliniki, wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Taiwan walianza mpango wa nchi nzima wa kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini ikapungua sana kwa watoto waliofuata. Mkwe wake akasema kadi iko nyumbani, zote tatu zimetiwa alama.

"Zile za pajani," akasema baba mdogo. "Zilizomliza usiku kucha."

Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa Kongo. Akaniachia kikombe, akaita vijana, wakaanza kuanua dagaa.